Kamera inashuka na taa, maiki inashuka kimya

Machi 2025 roboti inayoitwa SuBastian, ya Schmidt Ocean Institute, ilikuwa mita 600 chini ya maji karibu na visiwa vya South Sandwich, kusini kabisa mwa Atlantiki, mara kikapita mbele yake kitu kama kioo chenye mikono. Urefu kama sentimita 30 tu. Baadaye ikathibitishwa kuwa ni mtoto wa Mesonychoteuthis, yule ngisi mzito kuliko wote, ambaye jina la kisayansi alipewa 1925 kutokana na mikono iliyokutwa tumboni mwa nyangumi. Yaani miaka 100 tunamjua kwa mabaki, kwa waliovuliwa na kwa waliokutwa wamekufa, halafu siku anarekodiwa kwao kule chini akiwa hai ni mtoto, na anarushwa mubashara watu wakiwa wamekaa kwenye makochi. Ile video nimeirudia sijui mara ngapi. Ila kuna swali limeniharibia raha kidogo: alikuwa kwenye shughuli zake, au alikuwa anashangaa taa?

Maana bahari ya kina tunaichunguza kwa njia mbili kubwa, kuona na kusikia, na kila moja inakudanganya kivyake. Kamera ndo inapendwa na ndo inaleta pesa. Maiki ya majini, ile wanayoita haidrofoni, hakuna anayeishea na mtu. Mimi nadhani tumewapanga kinyume, lakini tuanze na haki ya kamera kwanza, maana haki yake ni kubwa.

Kabla ya kamera kulikuwa na wavu. Na wavu ukimvuta mnyama laini kutoka kilomita moja chini unapokea uji. Kuna samaki anaitwa Macropinna, alielezwa kisayansi 1939, na kwa karibu miaka 70 watu waliamini macho yake yameganda yakitazama juu tu, kama darubini iliyofungwa kwa msumari. Wakaja watafiti wa MBARI, taasisi ya utafiti wa bahari kule California, wakamrekodi akiwa hai, 2008 wakatangaza: kichwa chake kina kuba angavu, unaona mpaka ndani, na macho yako mle ndani yanazunguka, yanatazama juu kutafuta chakula kisha yanageuka mbele wakati wa kula. Lile kuba lilikuwa linaharibika kila anapovutwa na wavu, kwahiyo hakuna aliyejua lipo! Silikanti, yule samaki wa kale, naye hivyo hivyo, tangu 1938 ni maiti mikononi mwa watu, ikasemwa mapezi yale yenye nyama lazima anatembelea chini, mpaka mtafiti Hans Fricke alipomfuata na nyambizi ndogo huko Komoro 1987 akamkuta anaelea taratibu, wakati mwingine amesimama kichwa chini miguu juu, kama ana miguu, na hatembei hata kidogo. Hapo hakuna maiki ambayo ingesaidia.

Sasa kasoro. Kule chini hakuna jua, mwanga uliopo ni wa wanyama wenyewe, vimulimuli vya bluu bluu, na macho yameumbwa kwa ajili ya hicho kidogo. Wewe unashuka na mataa ya kumulika uwanja wa mpira na mota zinazovuma. Anayeogopa ameshaondoka kabla hujafika, anayependa mwanga amekuja, halafu unahesabu waliobaki unasema hawa ndo wakazi wa hapa. Ni kama kuingia kwenye chumba cha watu waliolala, ukawasha taa ukapiga honi, kisha ukaandika ripoti kuhusu tabia zao za usiku.

Na si suala la kuwasumbua tu. Kwenye chemchemi za moto za katikati ya Atlantiki kuna uduvi anaitwa Rimicaris, hana macho ya kawaida, ana kiraka mgongoni kinachohisi mwanga hafifu sana. 1999 wanasayansi walichapisha kwamba uduvi wazima waliowapima walikuwa wameharibika kile kiraka moja kwa moja, na wakazilaumu taa za nyambizi za utafiti. Yaani waliokwenda kuwasoma ndo waliowapofusha. Mimi hiyo habari huwa naikumbuka kila nikiona video kali ya rangi nzuri kutoka chini.

Kuna watu walilitambua tatizo mapema, mwanasayansi wa bahari Edith Widder mmoja wao. Yeye alisema tuzime taa nyeupe, tutumie nyekundu, maana wengi kule chini hawaioni, kamera ikae kimya haina mota, na tuweke chambo cha mwanga badala ya nyama. Kile chambo ni duara la vitaa vya bluu linaloiga konyeza anayeitwa Atolla, ambaye akishikwa na adui anawaka akizunguka zunguka, kama mtu anayepiga kelele za mwizi ili aje mkubwa zaidi amle yule anayemla. Mwaka 2012 huko Ogasawara, Japani, ngisi mkubwa anayeitwa Architeuthis, si yule wa mwanzo, akaja mwenyewe, na 2019 mwingine akaja kwenye Ghuba ya Meksiko, mita 759. Kumbe miaka yote hakuwa adimu kihivyo, alikuwa anatukimbia. Hata hivyo nyekundu nayo si kinga kamili, yupo samaki Malacosteus ambaye anaiona nyekundu na anatoa yake mwenyewe, yaani ana tochi ambayo majirani zake hawaioni, kwahiyo ukidhani umejificha, kwake uko hadharani.

Halafu kuna hesabu. Utafiti uliotoka 2025, ukiongozwa na Katy Croff Bell, ulikusanya rekodi za misafara ya kuzamia karibu 44,000 tangu 1958, ukakuta sakafu ya bahari ya kina iliyoonwa kwa macho haifiki asilimia 0.001. Na asilimia 97 ya hiyo misafara imefanywa na nchi tano: Marekani, Japani, New Zealand, Ufaransa na Ujerumani. Kwahiyo tunaposema "bahari ya kina iko hivi" mara nyingi tunaongelea vipande vilivyo karibu na wenye meli.

Maiki haina hilo tatizo la uwanja mdogo. Maji yanabeba sauti kwa mita kama 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na kwenye kina cha kama kilomita moja kuna tabaka ambapo sauti inanaswa inasafiri maelfu ya kilomita bila kufifia sana. Kamera inaona mita chache, maiki inasikia bahari. Inasikia usiku, kwenye dhoruba, mwaka mzima, haimuliki mtu wala haisukumi maji. Na inasikia vitu ambavyo hukwenda kuvitafuta: baada ya Septemba 11, 2001 meli zilipopungua ghafla, kelele za chini kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, zikashuka desibeli 6, na watafiti waliokuwa wanakusanya kinyesi cha nyangumi pale wakakuta homoni za msongo nazo zimeshuka. Hiyo ni picha ya maisha ya mnyama ambayo lenzi isingeipata.

Hapa niseme kitu, maana watu wanachanganya sana. Maiki inasikiliza tu. Sona ya kijeshi inapiga kelele kisha inasubiri mwangwi, na hiyo ndo iliyohusishwa na nyangumi wenye mdomo mrefu waliokwama ufukweni Bahamas mwezi Machi 2000, jeshi la maji la Marekani lenyewe lilikubali. Kulaumu haidrofoni kwa hilo ni kulaumu sikio kwa kosa la mdomo.

Lakini maiki nayo ina aibu zake, tena nyingi. Kwanza mnyama asiyetoa sauti kwake hayupo, na kule chini wako wengi, konyeza na ndugu zao hawasemi neno. Pili, sauti bila picha inazaa hadithi. 1997 maiki za NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, kwenye Pasifiki zilinasa mngurumo wakaupa jina Bloop, mtandaoni hadi leo kuna watu wanakuambia ni dude kubwa kuliko nyangumi, wakati ulikuja kuelezwa kuwa ni barafu ya Antaktika inapasuka. Na ile sauti ya ajabu ya karibu na Mariana, magharibi mwa Pasifiki, iliyonaswa 2014, inaanza na mkoromo inaishia kama bati linalotikiswa, ilichukua miaka kumi kujulikana kwa uhakika kwamba ni nyangumi wa Bryde, na ilibidi watu waende na meli wawaone kwa macho huku sauti ikisikika, kisha akili bandia ichambue zaidi ya masaa 200,000 ya rekodi. Macho yalihitajika, siwezi kukataa. Tatu, sehemu kubwa ya usikilizaji huu ilianza kama upelelezi wa nyambizi wakati wa vita baridi, na majeshi bado yana usemi juu ya nini kitolewe na nini kifichwe.

Nikipima yote naona maiki ndo iwe ya kwanza, ikae pale miaka na miaka, ya pili ile kamera tulivu ya taa nyekundu, na roboti lenye mataa liitwe pale tu tunapojua tunamtafuta nani. Wanaonipinga wana hoja moja nzito: bila video hakuna mfadhili, na bila mfadhili hata hiyo maiki hainunuliwi. Kweli kabisa. Ila angalia kilichotokea Challenger Deep, shimo la huko huko Mariana, karibu kilomita 11 chini. Julai 2015 walishusha haidrofoni ndani ya ganda la titani, polepole kwa zaidi ya masaa sita ili mgandamizo usiivunje. Ikasikia matetemeko, nyangumi, kimbunga kikipita juu, na mapangaboi ya meli kutoka juu kabisa kule. Baada ya siku 23 memori ikajaa. Kuja kuitoa, kwa sababu ya ratiba za meli na vimbunga, ikawa Novemba. Miezi mitatu na zaidi imekaa sehemu yenye kina kuliko zote duniani, mzima kabisa, haijavunjika popote, na haisikii chochote kwa sababu nafasi imeisha.