Walker si mtembezi

Ndugu mwandishi, katika makala yako umesema mababu wa kina Walker, jina la ukoo la Kiingereza linalofanana na neno la "mtembezi", waliitwa hivyo kwa kupenda kutembea. Hapana, hilo ni jina la kazi. Zamani Uingereza, kitambaa cha sufu kikishafumwa kilikuwa kimelegea na bado kina mafuta ya kondoo. Kilitiwa kwenye birika la maji, udongo na mkojo uliochacha (ndiyo, mkojo!), watu wakaingia pekupeku kukikanyaga mpaka nyuzi zishikane. Wakanyagaji wa kaskazini, kama Yorkshire, ndio walioitwa Walker. Kusini-mashariki kazi hiyohiyo ilizaa jina la Fuller, na huko Devon, kusini-magharibi, jina la Tucker. Walker limo hadi leo kati ya majina ya ukoo 20 yanayoongoza Uingereza. Tafadhali rekebisheni makala, wazee hao walifanya kazi ngumu mno.