Suala la muda katika upasuaji wa mikono
Nimesoma mara mbili habari moja kuhusu madaktari wa Australia, ambao mwaka 2019 walieleza jinsi walivyounganisha mishipa ya fahamu iliyo hai na ile ya misuli iliyopooza kwa jeraha la uti wa mgongo, hata wagonjwa wengi wakaweza kunyoosha kiwiko na kushika vitu. Shemeji yangu, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi huku Lindi, hula kwa kijiko kilichofungwa kiganjani kwa kitambaa; kwake kubana kijiko kwa vidole si jambo dogo. Mwandishi wa habari hiyo, hata hivyo, amepita haraka mno kwenye muda, kwani upasuaji huo hufaa zaidi ukifanywa ndani ya mwaka mmoja tangu kuumia. Shemeji yumo mwaka wa tatu. Labda kwake kinachobaki ni kuhamisha kano (nyuzi zinazounganisha misuli na mifupa) ya msuli uliobaki mzima ili ufanye kazi ya uliopooza, upasuaji wa zamani zaidi usiobanwa na muda kiasi hicho.