Kigoma nayo iliwahi kupangishwa milele

Nimesoma makala kuhusu visiwa vya Chagos, vya Bahari ya Hindi. Mwandishi wake kaueleza vizuri mkataba wa Mei 2025, wa Uingereza kuirudishia Mauritius visiwa hivyo huku ikiendelea kukishikilia kimojawapo, Diego Garcia, chenye kambi ya kijeshi, kwa miaka 99. Sisi wa Kigoma habari hii si ngeni. Mwaka 1921 Mwingereza alimpangisha Mbelgiji maeneo ya bandari hapa Kigoma na kule Dar es Salaam, kwa ajili ya mizigo ya koloni lake la Kongo. Kodi? Faranga moja kwa mwaka, milele! Mwalimu Nyerere alilikataa hilo 1961: Mwingereza alikuwa mdhamini wa muda tu wa Tanganyika, sasa aliyeachiwa nyumba kwa muda anampangishaje mwenzake milele?

Mauritius wao wamekubali 99. Sawa, kodi yao ni mamilioni ya pauni (heri yao), na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilishasema 2019 kwamba kuvimega visiwa vile kutoka Mauritius 1965, kabla ya uhuru wake, hakukuwa halali. Ila Wachagosi wenyewe, waliofukuzwa kupisha kambi ya Marekani, nani kawauliza? Mkataba huo hauwaruhusu kurudi kuishi Diego Garcia. Hapo mwandishi kapita haraka mno.