Asiyekuwepo Asiuawe

Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake kule Newala. Tulichanga rambirambi, wawili wakaenda kuzika, wakarudi. Jumamosi ya wiki iliyofuata yeye alikuwa bado matangani, nasi wanne tukakaa mezani kama kawaida, nyuma ya duka langu la steshenari hapa Chikongola, kucheza mchezo wetu wa dadu ambao kila mtu huigiza mhusika wake wa kubuni ndani ya kisa kimoja. Karatasi yake ya mhusika ilikuwepo kwenye faili pamoja na zetu. Mhusika wake alikuwa mrina asali, mtu wa porini anayejua kupanda miti na kuwatuliza nyuki kwa moshi, na ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Mmoja akasema, "Tumchezeshe sisi. Bila yeye pango hili hatutoki." Mimi ndiye msimulizi, neno la mwisho ni langu. Nikakubali.

Akatangulizwa mbele. Mhusika ambaye mwenyewe hayupo mezani siku zote hutangulizwa, maana hakuna anayemwonea uchungu. Akaanguka, dadu za kumnusuru zikakataa mara tatu, akafa. Tukasikitika kidogo, tukaendelea na safari.

Mwenzetu alirudi mjini baada ya arobaini. Jumamosi akaja, akasalimia, akakaa, akaomba karatasi yake. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akasema, "Haya kaka, si mchezo tu." Usiku ule alicheza na mhusika wa kuazima, na baada ya hapo hatukumwona kwa miezi miwili. Mkewe ndiye aliyeniambia, siku alipopita dukani kutoa fotokopi: yule mrina asali alikuwa amemchora kutokana na baba yake. Mzee alirina asali ujanani, na yale maneno ya moshi na nyuki tuliyozoea kuyasikia mezani yalikuwa ya mzee.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Tangu hapo nina msimamo mmoja kuhusu wachezaji wanaokosa kikao, na siutoi hata nikibembelezwa: mhusika ni mali ya mwenyewe. Asipokuwepo, asiguswe. Asichezeshwe na rafiki yake mpenzi, asichezeshwe na msimulizi, asitumiwe kama ngao wala kama mkoba wa dawa. Na kisa kipangwe hivi kwamba kutokuwepo kwake kusiwe kasoro.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: msimulizi anaeleza mahali na hali, kila mchezaji anaamua mhusika wake afanye nini, na dadu, hasa ile ya pande 20, zinaamua kama amefaulu. Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Vijitabu vya mwanzo vilisema kampeni moja, yaani mfululizo mmoja wa vikao na safari, inaweza kubeba wachezaji kuanzia 4 hadi 50. Hamsini! Hakuna aliyetegemea watu wote hao wakae pamoja kila wiki. Walikuja waliopata nafasi, wakaingia mapangoni, wakatoka, na wiki nyingine wakaja wengine. Baadaye mchezo ukageuka kuwa wa watu watano wale wale na kisa kirefu kimoja kama tamthilia, na hapo ndipo mtu mmoja akikosekana kila kitu kinasimama. Kwa hiyo nikisikia msimulizi analalamika kwamba wachezaji wake wanamharibia kisa, namwambia akitazame kisa chake kwanza.

Maana hapa Mtwara watu watakosa tu. Kundi letu lina muuguzi mwenye zamu za usiku. Lina mwalimu wa sekondari ambaye Novemba yuko kwenye usimamizi wa mitihani ya kidato cha nne. Lina dada anayeishi Msangamkuu, ng'ambo ya maji, ambaye ratiba yake ni ya kivuko. Bahari ikichafuka, hatumpati. Na lina huyu mwenzetu wa Newala, karani wa ghala la korosho. Minada ikianza Oktoba, mtu huyo hana Jumamosi wala Jumapili, na mkulima anayesubiri malipo ya mzigo wake hawezi kuambiwa karani ameenda kupigana na mazimwi. Ongeza misiba, harusi, na likizo za Desemba ambapo watoto wanachezwa unyago au kutolewa jandoni na kila shangazi na mjomba anahitajika kijijini. Kundi linalotaka watu wote watano kila wiki katika mji huu litacheza mara nne kwa mwaka.

Tunachofanya kimetoka kwenye vikao vyetu wenyewe. Kikao chochote cha maana huku, kiwe cha ukoo, cha msikiti au cha chama cha msingi, kikishafunguliwa tu husomwa udhuru: fulani anaumwa, fulani kasafiri, fulani ameomba radhi. Nasi tunausoma. Kabla dadu haijagusa meza nasema nani ametoa udhuru, na papo hapo nasema mhusika wake yuko wapi kwenye kisa. Ni suala la dakika mbili, lakini asiyekuwepo ametajwa kwa heshima, na hakuna anayeanza kumsengenya.

Udhuru utolewe Ijumaa, kabla ya kulala. Hili nalikazania kwa sababu lina kazi. Vita vya mchezo huu vinapimwa kwa idadi ya watu: upande wenye wengi ndio wenye zamu nyingi za kupiga, na wachezaji watatu wakikutana na fisi sita niliowapanga kwa watu watano, watamalizwa hata wakicheza kwa akili. Nikijua Ijumaa, nawapunguza fisi wawe watatu. Nikiambiwa Jumamosi saa moja jioni watu wameshaanza kumenya ming'oko, napangua kichwani huku wananitazama, na ndivyo makosa yanavyozaliwa.

Kisa chenyewe nilikibadilisha kabisa. Ben Robbins, Mmarekani, aliwahi kuendesha kampeni aliyoiita West Marches, isiyo na siku maalumu, isiyo na kundi maalumu, wala mkondo mmoja wa kisa. Wachezaji ndio waliopanga waende wapi na lini, na kila safari ilianzia mjini ikaishia mjini. Nilipolisoma wazo hilo nikakumbuka Tendaguru.

Watu wa kusini mnaijua habari hii, japo shuleni tulipitishwa juu juu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, huku Lindi. Waliochimba hasa ni mamia ya watu wetu, na anayekumbukwa kwa jina miongoni mwa wasimamizi wao ni Boheti bin Amrani. Mifupa ilifungwa, ikabebwa kichwani kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Mjusi mkubwa kuliko wote amesimamishwa makumbusho ya Berlin hadi leo. Habari hiyo inanichoma, na ndiyo sababu mojawapo ya kutaka icheziwe kwa Kiswahili mezani kwetu.

Basi wahusika wetu ni wapagazi wa Tendaguru, katika Tendaguru ya kubuni ambako mifupa huamka usiku. Kila kikao ni msafara mmoja kutoka kilimani kwenda pwani. Mwenye udhuru wiki hii amebaki kilimani anachimba. Wiki ijayo atakuwa kwenye msafara, na mwingine atabaki. Hakuna anayelazimika kutoweka katikati ya vita wala kuugua homa ya ghafla. Kilima kina kazi ya kumtosha kila mtu. Sharti langu pekee, nami nalitimiza kwa saa iliyo ukutani, ni kwamba msafara ufike pwani kabla hatujaagana. Nikiona muda unayoyoma nafupisha njia. Kuacha kundi katikati ya pori hadi wiki ijayo ni kujitafutia balaa, kwa kuwa wiki ijayo watakaokuja si hawa.

Kuna jambo tulilobishana sana: asiyekuwepo apate alama, zile zinazompandisha mhusika viwango, au asipate? Muuguzi wetu, ambaye kwa zamu zake ndiye aliyekosa mara nyingi, alisema yeye mwenyewe haoni haki kupewa alama za vita asivyopigana. Nilimheshimu kwa kusema vile, ila sikukubaliana naye. Kwa kanuni za toleo la tano, kufika kiwango cha tatu kunahitaji alama 900, na cha tano alama 6,500. Mpiganaji wa kiwango cha tano hupiga mara mbili kwa zamu moja, wa kiwango cha tatu mara moja. Ukimnyima muuguzi alama kwa sababu alikuwa wodini, baada ya msimu mmoja atakaa meza moja na wenzake akiwa nusu ya mtu, na kila akija atakumbushwa kwamba hakuja. Atakata tamaa, na kosa litakuwa letu. Kwa hiyo wote tunapanda pamoja. Mali ni tofauti: kilichookotwa njiani ni cha waliobeba. Hapo hakuna aliyenung'unika.

Wakibaki wawili hatuendi Lindi. Tunacheza bao, au nawapa kisa kifupi cha maisha ya wahusika wao kabla hawajafika kilimani. Vikao vizuri kabisa tulivyopata ni hivyo vya watu wawili, kwa sababu mtu anapata nafasi ya kusema.

Mtoro ni habari nyingine. Asiyetoa udhuru mara tatu nampigia simu mimi mwenyewe, sio kwenye kundi la WhatsApp mbele ya watu. Mmoja aliniambia wazi kwamba mchezo umemchosha lakini alishindwa kusema. Tukaagana vizuri, na karatasi yake nikamkabidhi.

Na mrina asali? Nilimfuata mwenzetu nyumbani kwake, nikamwomba radhi, nikamwambia kikao kile nimekifuta: pango, vita, kifo, vyote. Wenzangu wawili hawakupenda. Walisema kifo kikifutwa, mchezo hauna uzito tena. Ningekubaliana nao kama mwenyewe angekuwepo na dadu mkononi. Kifo alichokirusha mtu mwenyewe kina uzito wake, nami sikifuti. Kile hakikuwa chake.

Kanuni za msingi za mchezo ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons, inayoruhusu watu kuzinakili na kuzitafsiri, Januari 2023, kwa hiyo karatasi zetu nazitafsiri na kuzichapa hapa hapa dukani bila kumdhulumu mtu. Baada ya yale yaliyotokea niliongeza mstari mmoja chini kabisa: "Nisipokuwepo, mhusika wangu…" Kila mtu anaujaza kwa mkono wake, na ninachokisoma wakati wa udhuru ndicho hicho, neno kwa neno. Dada wa Msangamkuu aliandika kwamba wake analala na asiamshwe. Mwalimu aliandika kwamba wake anawafundisha vibarua kuhesabu mifupa.

Msimu wa korosho umeanza, na karani wetu ametoa udhuru wa hadi Desemba. Jumamosi nitafungua faili, nitoe karatasi yake, nisome: "Yuko juu ya mbuyu na moshi wake. Atashuka nikija."