Lugha sio mapambo jamani

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema lugha ndogo zikifa ni maendeleo tu, watu watumie moja wasonge mbele. Mi nakataa kabisa. Hivi mtu anasimama mahakamani anasomewa mashtaka kwa lugha asoielewa, anaitikia tu maana kila mtu anamwangalia, hapo haki iko wapi? Na hili sio la kuomba kama fadhila, mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966 ibara ya 14 unasema mshtakiwa aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na apewe mkalimani bure kama lugha ya mahakama haijui. Shida ni utekelezaji, mkalimani mwenyewe wakati mwingine anaokotwa tu pale koridoni!

Hospitali ndo usiseme, mgonjwa anaeleza maumivu kupitia mtoto wake wa miaka 9, mambo mengine ya mwili mama hawezi kumwambia mtoto ayatafsiri, kwahiyo ananyamaza na anarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Alafu watu wanasahau damu ilimwagika. Dhaka, ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh, tarehe 21 Februari 1952 wanafunzi walipigwa risasi kwa kudai Kibengali kitambuliwe, na ndo siku hiyo Unesco, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, waliichagua 1999 kuwa siku ya kimataifa ya lugha mama. Soweto, Afrika Kusini, 1976 watoto walikataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, wakauawa. Na lugha za alama je? Viziwi wangapi wanakosa huduma kwa sababu ofisi nzima hakuna anayejua hata ishara moja?