Barua kwa Mheshimiwa

Kila Jumamosi nafundisha watoto wa mtaa kuchora, uani kwetu hapa Mikindani. Novemba ile walikuwa wamechoka majahazi na mikorosho, nikawapa kisa cha Uingereza cha mwaka 1605. Guy Fawkes na wenzake walificha mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge wamlipue Mfalme James, wakayafunika kwa kuni na makaa. Barua isiyo na jina ikamfikia mheshimiwa mmoja, kumwonya asihudhurie. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Fawkes akakamatwa, kuulizwa jina, akajibu: "John Johnson," akijifanya mtumishi wa bwana Percy, mmoja wa wenzake. Watoto wakanisikiliza midomo wazi. Siku niliyowafundisha kivuli walisinzia wote.

"Fanyeni kama kweli," nikawaambia. Hilo ndilo lililoniponza.

Wakakusanya makopo ya maziwa, wakayapaka masizi ya sufuria yaliyokorogwa na uji wa muhogo, kisha chaki nyeupe juu yake: BARUTI. USIGUSE. Mpwa wangu wa miaka saba akawa Fawkes, kofia ya ukindu na masharubu ya mkaa, akakataa katakata kunawa. Dada yake, mwenye mwandiko mzuri, akaandika barua: "Mheshimiwa, kwa jinsi ninavyokupenda, kikao cha kesho usije. Tafuta udhuru. Litakuja pigo kubwa wala hamtamwona aliyewapiga. Ukishasoma, choma."

Nikamwambia aifikishe kwa mheshimiwa, yaani yule mtoto aliyekaa chini ya mwembe kajitanda kanga ya mke wangu. Lakini mtoto wa watu, mtaa huu anamjua mheshimiwa mmoja tu, mwenyekiti. Na kesho yake kulikuwa na mkutano wa mtaa kweli, ajenda mitaro.

Saa nne usiku, hodi. Mwenyekiti, mgambo wawili, tochi tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Salamu baadaye, mwalimu. Fungua stoo."

Mtu wa bara anaweza kucheka. Pwani yetu hii neno baruti si la utani. Watu wamepoteza mikono kwa kuvulia samaki mabomu. Mgambo mmoja aliondoa kuni, akamulika, akasoma maandishi, akarudi nyuma akanikanyaga. Mwenzake akainua kopo kwa vidole viwili, kama anamshika kaa.

Kelele zikamwamsha mpwa wangu. Akatoka na masharubu yake, macho nusu.

"We kijana, unaitwa nani?"

"John Johnson."

"Mzee, huyu ni mpwa wangu, mtoto wa dada—"

"Nimemuuliza yeye. Upo na nani hapa?"

"Mimi ni mtumishi wa bwana Percy."

Mgambo akaandika. "Mzee," akanong'ona, "hawa si raia."

Ikabidi kopo lifunguliwe. Vumbi la mkaa na maganda ya korosho. Mgambo akacheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili, mpwa wangu akanuna: "Hiyo ni baruti, mjomba, waambie!" Nikakaa juu ya gunia nikaeleza kisa chote, tangu Mfalme James mpaka mwembe. Mwenyekiti alisikiliza vizuri, mikono nyuma, kama yuko darasani.

"Umesema mapipa mangapi?"

"36, mzee."

Akaanza kuyahesabu mwenyewe, akiyagonga moja moja kwa bakora. Alipomaliza akarudia tena.

"Hapa yapo 35."

Kimya. Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya yule mwandishi wetu wa barua:

"Moja kachukua mjukuu wako, babu. Kasema anakwenda kulimalizia rangi. Kaliweka uvunguni mwa kitanda chako likauke."

Mwenyekiti akawageukia mgambo. Mgambo wakatazamana. Ameshaona kwa macho yake kuwa ni mkaa mtupu, lakini hakuna aliyejitolea kutangulia.

Mkutano wa kesho yake uliahirishwa. Udhuru: mwenyekiti hakulala.