Baraza la Andrews: kasi ya maamuzi na swali la nani awajibike

Daniel Andrews wa chama cha Labor alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Victoria, Australia, kuanzia Desemba 2014 hadi Septemba 2023. Wanaomtetea wana hoja nzito. Aliahidi kuondoa vivuko 50 ambako reli na barabara hukatana, akaviondoa. Baada ya ushindi wa 2018, nusu ya mawaziri wake walikuwa wanawake. Mwaka 2022 wapiga kura walimrudisha tena.

Doa kubwa ni karantini ya hotelini ya 2020, ambako wasafiri waliotoka nje ya nchi walitengwa chini ya ulinzi. Kirusi cha korona kilipenya kutoka hotelini, kikazua wimbi la pili lililoua watu wapatao 800, wengi wao wazee waliokuwa kwenye nyumba za kuwatunza. Nani aliamua kazi ya ulinzi wapewe walinzi wa kampuni binafsi? Mawaziri, makatibu na wakuu wa polisi waliulizwa, na kila mmoja akasema si yeye. Tume ya jaji mstaafu Jennifer Coate haikumpata mtu hata mmoja aliyefanya uamuzi huo.

Mbele ya tume, Andrews alisema mwenye dhamana ni Waziri wa Afya, Jenny Mikakos. Kesho yake Mikakos akajiuzulu, huku akipinga sehemu ya maelezo hayo. Hapa ndipo ninaposhindwa kumtetea Andrews. Walinzi waliajiriwa na wizara nyingine, ya ajira, na janga lenyewe liliendeshwa na kamati ndogo ya mawaziri aliyoiongoza yeye. Desemba aliomba radhi, lakini kiti kilichopotea kilikuwa cha mwingine.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Karantini ilipangwa kwa saa chache mno, na baraza la kuvutana lingeweza kuchelewa na kuua zaidi. Melbourne ilifungwa zaidi ya siku 100. Kufikia mwisho wa Oktoba maambukizi mapya yalishuka hadi sifuri.

Hata hivyo, Julai 2023 serikali hiyo hiyo ilifuta Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, ambayo wanariadha wa Kenya na Tanzania nao huishiriki, na kulipa fidia ya dola milioni 380 za Australia. Waziri aliyesimamia maandalizi, Jacinta Allan, alirithi kiti cha Andrews miezi miwili baadaye. Mikakos alikuwa ameondoka kwa uamuzi usio na mwenyewe. Huu wa pili ulikuwa na wenyewe, na hakuna waziri aliyeng'oka.